Pande Nane za Kijiti

Kompyuta ilianza kuimba kabla hajaigusa mtu. Ilikuwa sauti moja, nyembamba, isiyopumua, iliyotoka chumba cha mbele ikapita ukumbini hadi barazani, na kuku waliokuwa wakiparura chini ya mti wa kahawa wakatawanyika. Nilikuwa nachambua mchicha. Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, blanketi magotini, kwa maana Songea mwezi wa Juni haimhurumii mtu asiyetembea. Nilimwangalia nione kama kelele ile inamsumbua. Kichwa chake, ambacho tangu mwaka uliopita kilikuwa kimelalia bega la kushoto kama tunda lililoushinda mti, kilikuwa kimeinuka.

"Samahani, Mama Careen," Daimu aliita kutoka ndani. "Kuna waya unasema kinyume. Ukiachwa unapiga kelele, ukibonyezwa unanyamaza."

"Basi uzime."

Akauzima. Kichwa cha mume wangu kikarudi begani.

Mume wangu, Mwalimu Hironimus, alifundisha shule ya msingi kwa riziki na kwaya ya parokia kwa pumzi. Watu wa mtaa wetu wa Mfaranyaki walizoea kumwona akitembea njiani huku vidole vya mkono wa kulia vikicheza juu ya paja, akitafuta wimbo ambao wengine hatujausikia. Kuimba kwenyewe alikuwa hawezi; sauti yake ilikwaruza kama bawaba, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuicheka. Kila alichokijua kilikuwa vidoleni. Mimi nilimkuta akiwa hivyo, nami nikiwa msichana wa sauti ya pili katika mstari wa nyuma, na nilikaa chini ya kinanda chake hata nikawa mke wake, na baada ya hapo nikaendelea kuwa sauti ya pili.

Kiharusi kilimkuta mazoezini, wiki moja kabla ya Jumapili ya Matawi, akiwafundisha wanaume mahali walipokuwa wakikosea siku zote. Aliangukia kinanda. Kinanda kikatoa sauti zake zote kwa pamoja, na wale waliokuwepo hawakuisahau sauti ile hata leo.

Alipotoka hospitali upande wa kulia ulikuwa umekufa na ulimi umekuwa mzito kama nyama ya mtu mwingine. Mkono wa kushoto ulibaki, ila vidole vilishikana kama ndizi kwenye kichana, vikienda vyote au visiende. Nilimpa kalamu, akachana karatasi. Nilimsogeza kwenye kinanda, akabonyeza vibao vitano kwa mpigo, machozi yakamtoka, nikamwondoa na sikumrudisha tena. Daktari alisema kilichobaki kichwani mwake hakuna anayeweza kukijua. Basi tukabaki kukisia. Nikimwuliza, unataka uji? aliinamisha kichwa. Nikimwuliza, umeshiba? aliinamisha. Siku moja nilimwuliza, unanijua mimi ni nani? Akainamisha vilevile, kwa kasi ileile. Mtu anayekubali kila kitu huwezi kujua kama amekubali lolote. Taratibu watu wakaanza kuongea juu ya kichwa chake, kama wanavyoongea juu ya mtoto mchanga, na mimi, mke wake, nikaanza kuongea hivyo.

Ndiyo maana shemeji yangu Erasmus alipokuja kutoka Lusewa baada ya mavuno kuanza, sikuwa na neno la kumpinga. Erasmus ni kaka yake mkubwa, mkulima wa tumbaku, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Alikaa naye barazani kutwa nzima, akamlisha mwenyewe, akamfuta mdomo kwa leso yake. Jioni akaniita.

"Shemeji, tumeongea kwenye ukoo. Wewe unaondoka alfajiri kwenda kupikia wanafunzi, na yeye anashinda na majirani. Mtu asiye na neno ni mtoto, na mtoto hulelewa kwao. Jumamosi kuna lori linaleta mahindi mjini. Likirudi, litarudi naye."

Hakusema kwa ubaya. Nilikubali. Nilifua nguo zake, nikazikunja, nikazifunga kwenye shuka. Siku ile kompyuta ilipoimba yenyewe ilikuwa Alhamisi, shule zimefungwa, na furushi lilikuwa tayari nyuma ya mlango.

Sasa nimweleze Daimu. Alikuwa mpangaji wetu wa chumba cha mbele, Myao wa Tunduru, kijana mwenye ndevu chache na subira nyingi. Wakati wa mawe ya vito alichimba, kisha akawa dalali. Miaka ile Tunduru ilifurika wageni kutoka Thailand na Sri Lanka waliokuja kununua vito, na baadhi yao walileta gemu za kuchomeka kwenye televisheni ili kupitisha jioni katika mji usio na kitu cha kufanya. Mawe yalipopungua wageni wakaondoka na gemu zikabaki. Umeme wa jenereta, leo mwingi kesho kidogo, uliunguza maboksi yake moja baada ya jingine. Kilichosalia ni vile vishikio vya kuchezea, ambavyo Daimu aliviita joistiki, na mimi niliviita vijiti, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa: fimbo fupi nyeusi imesimama juu ya kiboksi, na pembeni kitufe chekundu. Alikuja navyo Songea kwenye gunia, juu ya lori, katika barabara ile ya Tunduru iliyokuwa ikiwavunja watu mbavu.

Mjini alifungua duka la kutengeneza redio, na mradi mmoja wa wafadhili ulipofunga ofisi alinunua kompyuta yao. Vijana walikuja kuishangaa. Daimu akaona kwamba gemu za siku hizi zimo ndani ya kompyuta, na vijiti vya kuchezea anavyo, ila havijawahi kuonana. Mdomo wa kijiti ulikuwa na matundu tisa. Mahali pekee pa kuuchomeka palikuwa tundu la printa nyuma ya kompyuta, lenye matundu ishirini na matano.

"Inatakiwa adapta," aliniambia. "Hapa haipo. Dar nako nimeagiza, wameniuliza ndiyo nini. Itabidi niitunge mwenyewe."

Nakumbuka neno lile, niitunge, kwa sababu nyumbani kwetu lilikuwa na mwenyewe, Mwalimu, mtunzi wa nyimbo.

Alikata waya wa printa, akauchuna, akawa anaunga nyuzi moja moja kwa chuma cha kulehemu. Kwa kuwa alikuwa ameinama nyuma ya kompyuta na hakuweza kuona kioo, aliiandikia mashine maagizo kwamba kila upande kijiti kinapolazwa itoe mlio wake. Juu, mlio wa kwanza. Juu kulia, wa pili. Kulia, wa tatu. Akizunguka mduara mzima, pande nane, milio minane. Kwa njia hiyo masikio yangemwambia ni waya gani umeshika na upi haujashika.

Ule waya mkaidi alipouweka sawa, alianza kujaribu. Milio ikaja, mmoja juu ya mwingine, kama mtu anayepanda ngazi.

Mume wangu akaguna.

Niligeuka. Daimu akarudia kujaribu, milio ikapanda tena, na Mwalimu akaguna tena, kwa nguvu zaidi, na mguu wake mzima ukapiga ubao wa kiti. Niliacha mchicha nikaenda mlangoni.

"Daimu, ziache kwanza hizo kelele. Mwalimu anaumia."

Daimu alitoka na kijiti mkononi, waya mrefu ukimfuata kama mkia. Alikuwa na tabia moja niliyompendea: alimwamkia Mwalimu kila siku na kusubiri jibu lisilokuja, kwa muda uleule ambao angesubiri jibu la mtu mwingine.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani sana." Akasubiri. Kisha akaniambia, "Labda siyo maumivu. Labda anataka kukishika."

Alikiweka juu ya ubao wa kulia chakula uliokuwa mapajani mwake. Mkono wa kushoto ukaja juu yake wenyewe. Vile vidole visivyokubali kuachana havikuhitajika kuachana. Vilikumbatia fimbo vyote kwa pamoja, kama vinavyoshika mpini. Akaisukuma mbele. Kompyuta ikalia kule ndani. Akaisukuma mbele kulia, ikalia ya pili. Kulia, ya tatu. Akaivuta nyuma kulia, ya nne.

Pale akasimama. Akarudi ya tatu, akaenda ya nne. Akarudi tena, akaenda tena. Kisha akainua macho akanitazama, na polepole, kutoka bega hadi bega, akatikisa kichwa.

Kwa zaidi ya mwaka sikuwa nimeona mume wangu akikataa kitu. Nikakaa kwenye ngazi ya baraza.

"Hataki?" Daimu aliuliza.

Mwalimu akapiga tena. Ya tatu, ya nne. Na hapo mimi, niliyesimama miaka yote ile chini ya kinanda chake nikisubiri zamu ya sauti ya pili, nikasikia alichokuwa akikisikia yeye.

"Daimu," nikasema, "ile ya nne siyo fa."

"Siyo nini?"

"Imepita. Kutoka mi kwenda fa ni hatua ndogo, wewe umeruka kubwa. Ishushe."

"Mimi nilipanga tu, mama. Kila mlio nimeuongezea kiasi kilekile."

"Muziki haupandi ngazi zinazolingana," nikasema, na nikajua ninayesema si mimi. Yalikuwa maneno ya Mwalimu, aliyowaambia wanakwaya wapya kila mwaka.

Daimu akaingia ndani. Nilisikia vibonyezo. "Jaribu, Mwalimu." Mwalimu akajaribu, akatikisa kichwa. Daimu akashusha tena. Akatikisa. Ikashushwa tena kidogo, na safari hii mkono ulikaa pale, sauti ikakaa pale, mume wangu akafumba macho, kisha akainamisha kichwa mara moja tu. Haikuwa ile inama-inama ya uji na blanketi. Ilikuwa ile niliyoijua mimi, ya mtu ambaye kwaya imempa alichokuwa akikidai tangu saa tisa.

Tulifanya hivyo kwa zote. La ilikuwa juu, ti imepotea kabisa, na do ya mwisho haikuwa ndugu ya do ya kwanza. Mimi nilikuwa mlangoni nikipeleka habari, shusha, pandisha, kidogo, umepita, Daimu ndani akibadilisha tarakimu, na kati yetu mtu ambaye ukoo mzima ulikuwa umeamua kwamba hayupo, akitusahihisha sote wawili na mashine juu. Jua lilikuwa limekwisha kuegemea milima aliporidhika. Akapanda ngazi yote, do hadi do, akashuka. Ilikuwa safi kama maji ya mlimani.

Daimu alitoka akasimama. "Subhanallah," alisema kwa sauti ya chini, na akatazama upande mwingine ili mimi nipate kulia.

Nilipiga magoti mbele ya kiti. Kulikuwa na swali ambalo tulimwuliza kila mtu isipokuwa yeye.

"Baba Careen. Erasmus anakuja Jumamosi kukuchukua. Unataka kwenda Lusewa?"

Alinitazama kwa muda mrefu, kwa mshangao nadhani, kwamba nimechelewa hivyo kuuliza. Akatikisa kichwa.

Jumamosi lori lilikuja, na umeme haukuwepo. Mji wetu wakati ule uliishi kwa jenereta na jenereta ziliishi kwa kudra. Tangu asubuhi kompyuta ilikuwa sanduku tu. Erasmus alishuka na mifuko miwili ya mahindi kwa ajili yangu, akamsalimu mdogo wake, akakaa. Nilimweleza yote. Alinisikiliza kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha, kwa kuwa hivyo ndivyo watu wanavyomsikiliza mfiwa.

"Anakataa kwa kichwa, shemeji?"

"Anakataa."

"Hata kuku hutikisa kichwa." Aliona nimeumia, akaongeza, "Sikudharau. Nami natamani iwe hivyo. Lakini tusijidanganye kwa kutamani."

Nilichinja jogoo ili kuvuta muda. Dereva alipiga honi, nikampelekea sahani kwenye usukani. Akala, akanawa, akapiga honi tena. Erasmus alichukua furushi nyuma ya mlango akalipandisha kwenye lori, kisha akarudi kumchukua ndugu yake, na alikuwa ameshaweka mkono mmoja chini ya magoti yake na mwingine mgongoni, tayari kumwinua, taa ya ukumbini ilipowaka.

"Shemeji, ngoja," nikasema. "Nipe dakika chache, kisha nitakusaidia mwenyewe kumbeba."

Daimu alikwisha kuiwasha kompyuta. Inachukua muda mashine ile kuamka, na sijawahi kusubiri kitu vile, hata uchungu wa kuzaa. Kijiti kikawekwa kwenye ubao. Mkono wa kushoto ukakijia.

Nilitegemea angepiga wimbo wa kanisani, mmoja wa zile zake zilizomfanya ajulikane. Hakupiga. Alianza kitu nisichokijua, chepesi, chenye kurudirudi, kama mwendo wa mtu anayepepeta nafaka. Kilikwenda, kikarudi, kikaenda. Katika mstari wa tatu kikajikwaa: kikaanza kupanda, kikaghairi, kikarudia sauti iliyotangulia, ndipo kikapanda. Nilidhani mkono umemshinda. Akaanza tena mwanzo, na alipofika palepale akajikwaa vilevile.

Erasmus alikuwa amevua kofia.

"Hapo," alisema. Hakuwa akisema na sisi. "Hapo mama alikuwa anasahau."

Mama yao alifariki Hironimus akiwa bado mdogo, miaka mingi kabla mimi sijaijua nyumba ile. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba aliimba wimbo ule kila alipopepeta, kwamba hakuna mwingine aliyeuimba pale Lusewa, kwamba alikosea mahali pamoja siku zote na kucheka, na kwamba ndugu wawili hawa, wa mwisho kuukumbuka, hawakuwahi kuuzungumzia tangu siku ya mazishi. Kaka mtu mzima mwenye mikono ya tumbaku alichuchumaa mbele ya kiti. Safari ya tatu wimbo ulipofika mahali pale, aliuimba yeye, pamoja na kosa lake lote, na mashine ikamfuata.

Walipomaliza alibaki amechuchumaa. "Nisamehe, mdogo wangu," alisema. "Tulikuwa tunaongea na wewe upo."

Alitoka nje, akapanda kwenye lori, akashusha furushi. Alilishika kwa mikono miwili alipoliingiza ndani, ingawa halikuwa zito. Dereva alimwuliza kitu sikukisikia. Nilimsikia Erasmus akijibu, "Hasafiri. Ana kazi."

Na kweli alikuwa na kazi. Daimu alimwachia kijiti kile na kujitengenezea kingine kwa ajili ya vijana wake. Kila alasiri umeme ukiwepo, Mwalimu alipiga, mimi nikaandika do re mi kwa penseli, sauti ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya wanaume. Nikikosea alinirudisha. Sauti ya pili aliyonitungia ilikuwa ngumu kuliko zote alizowahi kunipa. Nilipolalamika, kitu kilitoka kooni mwake kama bawaba yenye kutu, na ikanichukua muda kuelewa kwamba ni kicheko.

Wimbo ule mpya wa Mwalimu ulikuwa tayari kwa sikukuu ya somo wa parokia, mtakatifu msimamizi wetu. Kanisa lilijaa hadi nje. Walioimba hawakuamini kwamba umetungwa na mtu waliyezoea kumfuta mate, na nilipowaambia kwamba umetoka kwenye kijiti cha kuchezea gemu waliniangalia kama ninayewatania. Lakini ulikuwa wake. Ulikuwa na namna ya ajabu ya kupanda: ukifika karibu na kilele uliruka kitu, kama mtu anayevuka kijito kwa hatua moja, na katika kuruka kule ndimo uzuri wake wote ulimokuwa. Wazee walifumba macho mahali pale. Paroko alisema hajasikia majonzi na furaha vikikaa benchi moja namna ile.

Daimu hakuingia kanisani. Alisimama nje ya dirisha, amevaa kofia yake ya Ijumaa, akasikiliza hadi mwisho. Kesho yake alinifuata jikoni, akiwa na uso wa mtu aliyebeba kitu asichojua pa kukiweka.

"Mama Careen, wimbo ni mzuri. Ila pale unaporuka."

"Hapo ndipo watu walipolia."

"Ndiyo. Mimi nimekesha nikifikiri." Alinyoosha mkono akachora hewani, nyuma, kushoto. "Unaruka la. Wimbo mzima hauna la hata moja. Nimekwenda kukiangalia kijiti. Kona ile ya nyuma kushoto imekwisha kwa kutumiwa, haigusi tena. Sijui tangu lini. Akiitafuta la hapati, anapata so au ti."

Nilifikiria alasiri zote zile, Mwalimu akisukuma mkono wake kwenye kona isiyojibu, asiweze kusema kwamba haijibu, na mimi hapo pembeni na penseli yangu nisijue kitu. Hakuguna. Hakupiga ubao kwa mguu. Aliuchukua ule upungufu akautungia njia ya kuuvuka, na njia ile ikawa ndiyo wimbo.

"Nikitengeneze?" Daimu aliuliza. Nilielewa kwa nini aliuliza. Alikuwa anaogopa kuuharibu uzuri ule.

"Tukamwulize mwenyewe," nikasema.

Tukamwuliza. Akainamisha kichwa, mara moja.

Wimbo ule siku hizi unaimbwa Mbinga, unaimbwa Tunduru, nimesikia hata Njombe wanao, na hakuna anayejua kwa nini unaruka pale. Walimu wa kwaya huwaambia watoto kwamba ni mtindo. Daimu alifungua kile kiboksi, akakata kipande cha bati la kopo la maziwa akakilaza kwenye ile kona, akafunga. Mwalimu alisubiri afunge skrubu ya mwisho. Nami nilikaa na karatasi mpya.

Wimbo wake wa pili ulianza na la, na ukakaa pale kwa muda mrefu sana kabla ya kwenda kokote.